Kaye ya Tatu, Ile ya Munyama

Kahindo wangu,

Ni miye mama yako. Mwandiko utaujua, maana hakuna mutu mwingine mu Goma yote ambaye herufi zake zinaanguka kila upande kama viazi vimemwagika toka ku gunia. Ulikuwa ukinicheka. Niliishia mwaka wa tano wa primeri, ni kweli, lakini ni miye nilimuzaa mutu aliyechukua filme sita za kutisha akazikalisha mu kaye tatu, daftari za muchezo, na kikopo cha maharage. Wale wenye diploma wamezaa nani? Wanyamaze.

Nianze na habari za nyumba. Maji yamerudi ku bomba la avenue yetu, siku mbili kwa juma. Papa yako kila Jumapili anatengeneza mulango ule ule ambao hauna shida. Bahati, rafiki yako aliyetukimbilia kutoka Rutshuru, bado analala ku kitanda chako. Alitaka kuhama, eti asituchoshe. Nikamuambia: jaribu uone kama nitakufungulia mulango wa kutoka.

Ku soko bado nauza maharage na viazi vya Kibumba, siku barabara inakubali. Na bado nakusifu. Mutu akisimama tu mbele yangu kuuliza habari ya viazi, anapata habari yako kwanza. Nawaambia: kulikuwa na zile filme, merikebu inatembea kati ya nyota, watu wako ndani wanafanya kazi yao, halafu munyama anaingia mu mabomba ya hewa na kuwamaliza mumoja mumoja. Vijana wote wa mutaa wetu wa Mabanga waliziangalia kule ku nyumba ya video. Wote walipiga kelele, wakarudi kwao, wakala, wakasahau. Wangu alirudi akaniuliza: Mama, hii haiwezi kuchezwa ku meza? Miye nikajibu: toa mashetani yako ku meza yangu, nachambua maharage.

Unakumbuka shida yako ya kwanza? Munyama wa filme unamuona, ana meno, ana mate. Ku meza hakuna kitu, kuna watu wane wanatafuna karanga. Wataogopa nini? Ulitembea na swali hilo siku nyingi mpaka ukasahau chumvi mu sombe. Halafu ukaja kuniuliza tulifanyaje wakati wa vita ya utoto wako, tulipojificha chini ya kitanda na wewe una miaka mine. Nikasema: nilikuziba kinywa na kitenge changu, kwa sababu wale waliokuwa inje hawakuona ndani, lakini masikio walikuwa nayo. Ukaandika palepale. Hukuniuliza hata kama nimemaliza.

Ndiyo ikawa kanuni: munyama haoni, anasikia. Mwenye kusema kwa sauti ku meza, hata akicheka, munyama anasogea hatua moja kwake. Kila mutu ana karatasi ya kazi yake mu merikebu, na maharage kumi, ndiyo pumzi yake. Akikimbia anatoa moja, akijificha anatoa moja, halafu anatupa kete za ludo kuona kama amepona. Siku ya kwanza mulipocheza, nyumba ilinyamaza nikafikiri mumetoka wote. Nikafungua pazia: mumeinama, munasemeshana na midomo bila sauti, na Elia wa jirani, kijana mukubwa vile, anatoka jasho. Nikapiga kicheko. Mukanigeukia na macho mekundu: Mama Kahindo, umetuua!

Na ile kanuni ya mizigo ni yangu, usikatae. Tuliangalia pamoja filme ya pili, nikakasirika. Hawa watu hawajawahi kukimbia vita? Munyama yuko ku mulango, wao wanashika bunduki tu! Sufuria iko wapi? Chumvi? Karatasi za batizo za watoto? Ulicheka ukaanguka, ukaamka, ukaandika: kabla ya kukimbia kila mutu achague vitu vitatu, na kile anachoacha hatakipata tena. Bahati, mara yake ya kwanza, alichagua blanketi, chumvi na kandambili za dada yake. Hakuna aliyemuuliza dada huyo yuko wapi.

Siku ile sitaiandika sana. Ulitoka na bidoni ya njano kuchota maji. Bomu likaanguka pale watu walipopanga mustari wa maji. Naacha hapo.

Sasa niseme kile ambacho kimenileta ku karatasi hii. Nimekizungusha vya kutosha.

Siku ya kwanza ya matanga mvua ilinyesha, kiwanja cha parcelle yetu kimejaa watu, makala ya kupikia yamelowa. Mama mudogo wako Masika akaja kuniuliza karatasi za kuwashia babula, jiko letu la makala, wapikie watu. Miye nilikuwa nimeketi chini, kichwa kimefungwa kitenge, sikujua kama ni asubuhi ao mchana. Nikanyoosha mukono: chukua mu ile karto. Ile karto ya chini ya meza, ambamo naweka magazeti ya kufungia karanga. Nilisahau, Kahindo. Nilisahau kama ni mule ulificha kaye ya tatu, ili Elia asichungulie munyama wako kabla ya muchezo. Kaye ya kwanza ni ya watu, ipo. Ya pili ni ya merikebu, ipo. Ya tatu ilikuwa ya munyama: hatua zake, njia zake, masikio yake, mwisho wake. Waombolezaji wako walikula ugali uliopikwa juu ya kazi yako ya miaka miwili. Wakasifu ugali. Na miye niliitika aksanti.

Nilijua wakati wa kuzoa majivu. Kipande kidogo kilibaki, kimechorwa sikio. Nikakitia mu sidiria, sikumuambia mutu.

Baada ya arobaini, Elia na Bahati wakaniketisha kwa heshima, wakaomba kaye zote tatu. Wanataka kuzitoa fotokopi, vijana wa ku kambi ya wakimbizi wa vita nao wacheze, wenye siku ndefu kule chini ya mahema. Nikawapa mbili. Ya tatu? Nikasema labda iliibiwa siku za matanga. Miye! Nikawasingizia watu waliokuja kukulilia. Elia akafungua zile mbili, akasema polepole: bila munyama, Mama Kahindo, ni merikebu tu, na watu wanazunguka ndani bila sababu.

Niliwakwepa majuma matatu mu nyumba yangu mwenyewe. Halafu nikaona Bahati hamusalimii tena mama mudogo Masika. Alikuwa amepiga hesabu yake: ni nani alikuwa akiingia na kutoka mu chumba siku ile? Masika anamuita, yeye anageuza uso. Masika, aliyekuosha na mikono yake! Hapo nikashindwa. Nikawaita wote watatu, nikatoa kile kipande cha sikio, nikasema: ni miye. Nilinyoosha mukono, Masika akachoma bila kujua, lakini mukono ni wangu. Masika akalia. Elia akaangalia chini. Bahati alichukua kile kipande cha sikio, akakilaza ku meza, akakinyoosha na kidole. Halafu akasema: Mama, kila kanuni alikujaribia wewe kwanza, ukiwa unachambua maharage. Munyama yuko kwako.

Nilikataa. Nikasema kichwa changu ni cha soko. Lakini alipoanza kuuliza, majibu yalitoka! Mulango ukifungwa anasogea hatua moja tu, mutu akilia anasogea tatu. Mu mabomba ya hewa anasikia hata mwenye kunong'ona. Akisikia watu wawili pamoja anaenda kwa yule mwenye maharage machache. Sikujua kama najua. Elia akabisha habari ya mabomba, nikamuuliza: mwenye muchezo alizaliwa na nani, na miye ao na wewe? Bahati anaandika, miye nachambua. Ilituchukua mwezi muzima na siku kadhaa.

Sasa Jumapili nakaa ku kiti chako, ni miye nasimulia munyama. Na niko mukali, mwanangu, unapaswa kujua. Juzi Elia alitaka kwenda ku choo, akaomba Bahati amusindikize. Mchana! Watu wameanza kuja kutoka mutaa wa Mapendo, eti kuna mama mumoja anatisha kuliko filme. Nawaambia hapana, ni mutoto wake.

Lakini kanuni ya mwisho, ile ya munyama akimushika mutu, niliwaambia nimeisahau. Kwa hiyo tunacheza mpaka pale, munyama ananyoosha mukono, halafu tunasimama, kila mutu anaenda kwake. Elia amechoka na hiyo. Ameleta za kwake: watupe kete mbili, watupe mara tatu, wenzake wamuvute na maharage yao. Kila mara nasema: si hiyo. Anauliza: basi ni gani, Mama? Nasema sikumbuki.

Sikusahau. Wewe unajua siwezi kuisahau, tuligombana juu yake karibu tuharibu maharage. Munyama akishika mutu, kete hazitupwi tena. Mwenye kusimulia anasema jina la mutu huyo mara moja tu, karatasi yake inafunikwa, maharage yaliyobaki wanagawana wenzake. Ni hayo tu. Nilikuomba: muachie hata kete moja, mutoto, moja tu, mutu hawezi kuondoka hivi! Ukanijibu ukiwa unacheka: Mama, kila mahali nimeweka kete, watu wamezoea kujitetea. Hapo ndipo wataogopa.

Ulisema kweli. Ulitoka na bidoni, na hapakuwa na kete.

Ndiyo sababu nilinyamaza. Si kwa kutaka kuharibu. Nilipenda ile merikebu ambamo hakuna anayekufa, kila Jumapili wote wanarudi kwao na miguu yao. Lakini juma lijalo Elia anapeleka kaye ku fotokopi, na nikiendelea kunyamaza ataweka kete zake mbili, na jina lako litakaa juu ya kitu ambacho si chako. Moto ulikunyang'anya kazi yako mara ya kwanza, na huo ulikuwa wa bahati mbaya. Hii ya sasa naifanya na akili zangu zote.

Basi nakuahidi. Jumapili baada ya misa, kabla hawajaketi, nitamuambia Bahati achukue kalamu, na nitaisema yote, bila kuongeza kete hata moja. Watanikasirikia kwa kuwadanganya mara ya pili. Wakasirike, ni watoto wangu. Halafu tutacheza, na mutu atashikwa, na nitasema jina lake bila kutetemeka, ao nikitetemeka watafikiri ni ufundi.

Nimejizoeza leo, peke yangu ku meza. Nilichukua karatasi yako ya fundi wa merikebu, ile ulichezea ukinijaribia kanuni, yenye vitu vyako vitatu: kalamu, taa, kitenge cha mama. Nikasema Kahindo, mara moja tu. Nikaifunika. Maharage sita yalikuwa yamebaki ku kikopo chako tangu ulipocheza mwisho. Matatu nimeweka kwa Bahati, matatu kwa Elia.

Pumzika, mwanangu. Umefanya vizuri kupita wote.

Mama yako