Kesi ya Mkanda Usio na Kinga

Jumatatu, 10 Julai

Kesi nne asubuhi. Mbuzi walioingia shamba la mtu, ugomvi wa kilabuni, mipaka miwili. Karatasi zimekwisha tena. Karani anaandika nyuma ya fomu za zamani. Mshahara wa Juni bado.

Saa sita likaletwa jalada la shamba la mkonge. Mkaguzi wa viwanda kutoka Moshi ameishtaki kampuni yenyewe, si mtu. Sijawahi kuhukumu kampuni. Mkanda wa korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, haukuwa na kinga. Umemng'oa mikono yote miwili mfanyakazi mmoja, Laurenti, mtu wa Kasulu. Kampuni imekiri kosa. Kazi yangu ni adhabu tu.

Nimefungua sheria. Ya mkoloni. Faini ya juu kabisa haifiki bei ya tairi moja la lori lao. Nimesoma mara mbili nikidhani nimekosea. Chini yake kuna aya nyingine: hakimu anaweza kuamuru mashine isimame mpaka iwe salama.

Jumanne, 11 Julai

Nimekwenda kuiona mashine. Mahakama haina gari. Nimepanda Land Rover ya mshtakiwa, meneja anaendesha, mkaguzi kakaa nyuma. Aibu njia nzima.

Korona ni kuukuu kuliko mimi. Mwekezaji aliinunua pamoja na shamba serikali ilipoanza kuuza mashamba yake. Inatetemesha sakafu. Kinga ipo sasa: mbao mbili zimepigiliwa misumari. Rangi bado mbichi, imenishika kwenye shati.

Mkaguzi akaniinamia sikioni. "Mheshimiwa, hizi zimewekwa kwa ajili yako."

Mama mmoja anayeokota singa, nyuzi za mkonge, nyuma ya mashine akanifuata hadi kwenye gari. Elinisafi, wa kijiji cha Maore. "Shikamoo, Mheshimiwa. Usitufungie. Wakifunga tutakula nini? Mvua yenyewe hakuna."

Nikamwambia nitatazama sheria. Jibu la mwoga.

Alhamisi, 13 Julai

Wakili wa kampuni ametoka Dar es Salaam. Anaongea taratibu, kama anamfundisha mtoto. Kampuni imelifufua shamba lililokufa. Kampuni inailisha wilaya. Wapewe wiki mbili walete kinga ya chuma kutoka Tanga, ndipo nitoe adhabu.

Mkaguzi akasimama. "Basi mashine isimame hizo wiki mbili."

Wakili akasema majani yaliyokatwa yatakauka, watu watarudishwa makwao.

Laurenti alikaa benchi la mbele. Mikono ya shati imekunjwa na kubanwa kwa pini. Mkewe alikuwa akimfuta jasho. Macho yetu yalipokutana alinisalimia kwa kichwa. Mimi nikatazama jalada.

Nimeahirisha hadi tarehe 27. Mashine sikuisimamisha. Nimejiambia hiyo ndiyo busara.

Jumapili, 16 Julai

Kanisani sikusikia mahubiri.

Nikirudi na mke wangu tumekutana na mkaguzi stendi, anasubiri basi la Moshi. Alipita shambani bila kualikwa. Korona inafanya kazi hata leo, Jumapili. Wanakimbiza mzigo kabla ya hukumu. Kinga ya chuma hakuna anayejua iliagizwa lini.

Roho haijatulia. Naogopa, na sijui niende kumwambia nani. Hakimu ni mimi.

Ijumaa, 21 Julai

Elinisafi amekufa.

Saa tatu asubuhi. Mbao zilikuwa zimeanguka tangu juzi kwa ule mtetemeko, hakuna aliyezirudishia. Aliinama kuokota singa, mkanda ukakamata khanga yake. Injini ilichelewa kuzimwa.

Askari alinipa habari akiwa mlangoni, kisha akanipa karatasi nisaini. Nimesaini. Sijui nilisaini nini.

Aliniomba nisifunge. Sikufunga.

Jumatatu, 24 Julai

Bwana mmoja wa ofisi ya wilaya amekuja. Akafunga mlango mwenyewe, akakaa bila kukaribishwa. Sauti ya upole.

"Mzee, wawekezaji wanatutazama. Toa faini, mambo yaishe. Na siku hizi uhamisho ni jambo la kawaida tu."

Nikamjibu kesi iko mahakamani. Akacheka kidogo, akamalizia chai yangu, akaondoka.

Nimemweleza mke wangu yote, na lile la tarehe 13 pia. Akasema, "Kama ni kuhama, vyombo vyenyewe vichache."

Alhamisi, 27 Julai

Chumba kilijaa, wengine madirishani. Mume wa Elinisafi alisimama nyuma, karibu na mlango.

Kifo chake hakimo katika jalada hili. Kisheria sikijui. Kitakuwa na kesi yake, kwa hakimu mwingine, akipatikana mtu wa kuifungua.

Nimesoma hukumu. Faini ya juu kabisa. Wakili hata hakuandika. Alitoa pochi yake. Kisha amri: korona isimame leo, isiwashwe mpaka mkaguzi, si meneja, athibitishe kinga ya chuma. Wakili akainuka haraka, anataka kukata rufaa. Nikamwambia akae, sijamaliza.

Nikasoma sentensi ya mwisho. Kwamba tarehe 13 mahakama hii ilikuwa na uwezo wa kuisimamisha mashine na haikufanya hivyo, na kosa hilo ni la hakimu.

Karani aliacha kuandika. Nikamwambia aandike.

Dirishani mwanamke akapiga kelele: "Umetuua kwa njaa!" Laurenti akamgeukia. "Bora njaa, mama. Njaa unaiona ikija."

Mume wa Elinisafi alitoka kabla watu hawajasimama.

Jumapili, 6 Agosti

Barua ya uhamisho ilikuja Jumatano. Sumbawanga. Ijumaa mkaguzi alithibitisha kinga, korona ikawashwa.

Leo nimekwenda Maore peke yangu. Nilimkuta mume wa Elinisafi akikwatua majani shambani. Alinitambua. Akaniletea kigoda, akaniletea maji. Nilimwambia pole. Akasema ahsante.

Tukazungumza habari za mahindi, na mfereji ambao hauleti maji. Kaburi liko upande wa pili wa nyumba. Tulilitembelea, tukasimama, tukarudi. Hakuniuliza kitu. Nami sikumwomba anisamehe, nilijua angelazimika kujibu.

Jua liliposogea alinisindikiza hadi barabarani. Gari lilichelewa. Alisubiri nami mpaka likaja.