Mahali pa Honi

Jumamosi

Honi zimekaa, hatimaye. Tangu lori linisukume mtaroni nikienda kazini Talatala kwa pikipiki, kwa sababu honi ya zamani inalia kama kifaranga, naiogopa barabara. Sijamwambia mtu.

Leo nimehangaika uani na honi mpya mbili. Kwenye gadi ya mbele, juu ya gurudumu, zitajaa tope. Chini ya taa, usukani unazigonga kila nikikata kona. Nikakaribia kuitupa spana.

Ndipo baba mkwe akakohoa nyuma ya migomba. Kwa mila yetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawasemeshani wala hawatazamani, na mzee huyu haivunji hata kidogo. Basi akazungumza na pikipiki.

"We pikipiki, honi zako zifungwe chini ya tanki, midomo iangalie chini, maji ya mvua yasituame."

Nikazifunga. Zikakaa kama zilizaliwa pale! Nilipobonyeza, kuku wote wakatawanyika.

"Pikipiki, mwambie Baba ndaga fijo," nikasema kwa sauti.

Nikaanza kukusanya spana. Nikadhani ameondoka.

"Pikipiki, sihitaji ahsante. Uwe unanirudishia mwanangu salama."

Mwanawe, mume wangu, hajui hata kuendesha. Huyo “mwanangu” ni mimi.