Tundu Chini ya Pikapu la Mkwe

Mkumbi, Jumapili jioni

Mpendwa dada Flavia,

Kabla hata sijakuamkia, nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: namjua aliyeziba tundu kwenye injini ya mzee Pankras. Sasa shikamoo, dada. Hujambo huko Songea na cherehani yako? Sisi ni wazima. Mama anapalilia kahawa, nami tangu nimalize kidato cha nne nipo nipo tu.

Alhamisi Baba alinichukua twende Lituhi, kule ziwani, kuliona lile pikapu analouza mkwe wetu. Unajua alivyolitamani, abebee kahawa yetu. Haliwaki, lakini mzee Pankras alisema ni gasketi tu, fundi yeyote wa Mbinga atalimaliza. Nilitegemea Baba alikague. Hakuinama hata kidogo! Alininong'oneza kwamba mtu hachungulii uvunguni mwa gari la mkwe, ni sawa na kumwita mwongo.

Wakaingia ndani kula samaki, mbasa wa ziwani. Unanijua ninavyoona haya kula kwa watu, nikabaki nje, nikajipenyeza chini ya gari. Ubavuni mwa injini palikuwa na kiraka cha gundi ya chuma, kimepakwa grisi na masizi. Nilipokibonyeza kiling'oka. Dada, vidole vyangu viliingia mpaka ndani ya injini!

Nilipotoka, mchumba wako Florian alikuwa amesimama pale. Akanisihi, "Shemeji, nifichie." Alikuwa akivuta boti kwa gari, akarudi nyuma mno ziwani, maji yakaingia kwenye injini. Akalilazimisha kuwaka, chuma cha ndani kikavunjika na kuitoboa, naye akaliziba tundu kwa siri. Baba yake hajui kitu; anaamini kweli ni gasketi.

Nilimvuta Baba pembeni, nikamwambia injini imetoboka. Florian sikumtaja. Baba naye alishindwa kumwambia mkwe wake ukweli, akasingizia kwamba lazima amuulize mama kwanza. Mzee Pankras alicheka sana, eti kumbe Wamatengo mnaomba ruhusa kwa wake zenu hata ya kununua gari! Baba akacheka naye. Sijawahi kusikia kicheko kibaya namna ile.

Gari hatununui. Lakini jana Baba alimwambia mama kwamba mzee Pankras ni tapeli, na posa yako itarudishwa baada ya mavuno. Nimeganda, dada. Mzee wa watu anaitwa tapeli bure, na nikifungua mdomo, Florian ameharibikiwa kwa pande zote mbili.

Simu ya hapa inasikika nyumba nzima, ndiyo maana nimeandika. Florian ameniambia anakuja kwako wiki hii. Mpe chai, umsikilize. Akikiri mwenyewe, arudi akamwambie baba yake na wa kwetu. Asipokiri, basi utakuwa umemjua kabla hujaolewa.

Mama anakusalimu sana, na bibi pia. Barua hii ichome. Nakuomba usimwambie mtu kwamba unajua, na zaidi ya wote, usimwambie Florian.

Mdogo wako,
Devotha