Kitufe cha Kidole Gumba

Mikindani, Jumanne, 19 Mei 1998. Mvua tangu alfajiri. Viatu vyangu vinaning'inia jikoni na sidhani kama vitakauka wiki hii.

Leo nakuandikia kwa kalamu, maana kompyuta yangu mwenyewe sina ruhusa ya kuikaribia. Nitaeleza, lakini kwanza niache nipumue.

Nimechoshwa na vipanya. Sisemi panya wa darini, hao tumezoeana. Nasema hivi vya kompyuta, vyenye waya nyuma na kigololi tumboni. Ndani ya siku kumi nimeshika vipanya vingi kuliko sufuria. Nimekwenda mjini mara tatu, mara zote tatu nimerudi nimelowa, na kila nikirudi naambiwa nilicholeta hakifai.

Anayeniambia hivyo ni Baba.

Baba aliendesha kreni bandarini miaka ishirini na sita. Mwezi wa Ramadhani kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Mguu umerudi, anatembea. Ulimi umerudi, tena umerudi na ziada. Mkono ndio uliogoma. Bega linanyanyua, lakini vidole vinne vimelala, na kidole gumba peke yake ndicho kinachomtii. Daktari aliniita pembeni akaniambia mkono huo usipopewa kazi miezi hii, usitegemee kuuona tena ukifanya jambo. Akampa na mpira wa kuminya. Baba aliuminya siku mbili, kisha akausahau kibarazani mpaka jua likaupasua.

Kabla ya kuugua, kila baada ya swala ya alasiri alikuwa barazani kwa ami Bakari, jirani yetu na mwenzake wa tangu bandarini, wakipigiza dhumna mezani mpaka ukuta wetu unatikisika. Mwezi wa tatu alijaribu kurudi. Dhumna zikamponyoka mbele ya watu. Akaja nyumbani akasema mchezo wenyewe umemchosha. Tangu siku hiyo hatoki. Anakaa kitini, mkono ameuweka mapajani kama mzigo wa mtu mwingine aliyeombwa auangalie.

Naogopa, shajara. Sijamwambia mtu, lakini naogopa. Si mkono peke yake ninaouona ukilala, ni yeye mzima.

Basi mimi nina hii kompyuta kuukuu ninayochapia kadi za harusi na barua za watu. Iko sebuleni, ambako Baba hulala siku hizi, na ndani yake mna mchezo wa karata wa mtu mmoja. Siku moja nilikuwa nacheza kupoteza mawazo, nikasikia sauti nyuma yangu: "Hiyo saba nyeusi iweke juu ya nane nyekundu. Huoni?" Ilikuwa mara ya kwanza tangu Ramadhani kumsikia akitaka kitu. Nilimpisha kiti upesi hata nikakiangusha.

Sasa, kubeba karata moja kuna kazi yake. Unabonyeza kitufe kwa kidole cha shahada, unakishikilia hivyo hivyo huku unasukuma kipanya, ukifika ndipo unaachia. Kidole cha shahada cha Baba hakibonyezi kitu. Karata ikawa inamponyoka katikati ya safari na kurudi ilikotoka. Nikauona uso wake ule ule wa siku ya dhumna.

Nikajiona nina akili. Nikahamishia kipanya upande wa kushoto, nikageuza na vitufe vifuate mkono huo. Mkono wa kushoto ni mzima kabisa. Nikadhani nimemaliza.

Hapo ndipo visa vilipoanza.

Siku ya kwanza kipanya kinateleza. Nikakitafutia kitambaa. Siku ya pili ni kizito. Siku ya tatu waya mfupi. Siku ya nne, wallahi nilidhani sikusikia vizuri, kina sauti mbaya. Nikaenda mjini nikatafuta kingine kisicho na sauti. Kufika nyumbani, kichwa cha waya wake ni cha duara, na tundu la kompyuta yangu ni pana, la vijino tisa. Nikarudi. Muuzaji, jamaa mmoja wa bara mwenye haraka zake, akanitazama akasema, "Si ungesema yako ni ya kitambo, siste." Nikamwambia aniuzie kipanya, umri wa kompyuta yangu aniachie mwenyewe.

Cha pili hicho Baba alikishika mara moja tu, akasema kimemfanya kichwa kimuume.

Nilimjibu vibaya. Naliandika hili kwa sababu hapa sina wa kumdanganya. Nilimwambia kama hataki kupona aseme, mimi nikachape kadi za watu. Akageuzia uso ukutani, na Baba akifanya hivyo ndipo ninapojua nimevuka mpaka. Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Leo asubuhi nikarudi dukani mara ya tatu. Safari hii nilimwaga yote, mzee, mkono, karata, sauti mbaya, kila kitu. Yule jamaa akaacha haraka zake. Akainama chini ya meza akatoa boksi lenye ukungu.

"Hii ni ya magemu, mathe."

Nimetoka siste mpaka mathe ndani ya siku kumi. Hivi ndivyo vipanya vinavyomzeesha mtu.

"Iko na batani nne," akasema, "na kila batani unaipangia kazi yake. Hii ya kando watu wanatumia kupiga risasi."

"Baba yangu hataki kumpiga mtu risasi. Anataka kubeba karata."

"Basi ipangie kubeba. Disketi yake iko hapa ndani."

Kitufe cha kando chenyewe kilikuwa ubavuni, peke yake, mbali na wenzake watatu. Nilikitaka kile kipanya mara moja, lakini bei yake ilikuwa ya kuniliza. Basi nikakitia kasoro zote nilizofundishwa nyumbani. Nikasema kinateleza, tena kizito, na waya wake mfupi. Nikakibonyeza, nikakunja uso, nikamwambia kina sauti mbaya. Boksi lilikuwa limelowa na kitu chenyewe kilikuwa hakijapata mtu tangu kiletwe, akanipunguzia karibu nusu. Ndilo jambo la kwanza lililoninyookea tangu mambo haya yaanze.

Nilirudi nikakipachika, kichwa kikaingia, disketi ikasoma. Nikakiweka kushoto kwa Baba. Kikamkataa. Kimechongwa kufuata mkono wa kulia, na kwenye wa kushoto kilikaa kama kiatu cha mguu mwingine. Nilitaka kukaa chini nilie, pale pale, na nguo zangu mbichi.

Wakati huo huo ami Bakari akabisha hodi. Amekuja kumjulia hali, kama kawaida yake.

Na Baba akauondoa mkono wa kushoto mezani haraka, akauficha ndani ya kikoi.

Niliuona. Nilisimama na kile kitabu cha maelezo mkononi, na siku kumi zote zikanirudia moja moja. Sauti mbaya. Waya mfupi. Kichwa kuuma. Kumbe siku zote hizo hakuwa na ugomvi na kipanya.

Ami Bakari naye aliona. Akavuta kiti akakaa. "Hata barazani ilikuwa hivi hivi," akaniambia. "Zile dhumna zilipomponyoka, mmoja wetu akamwambia, chezea kushoto, yakhe, si neno. Akainuka akenda zake."

"Baba, kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini?" Hakunitazama. "Kwamba nimebaki na mkono wa msalani, nikae mbele za watu nichezee huo? Hilo la kumwambia mtoto?"

Mimi ni mtoto wa nyumba hii. Nilipokuwa na miaka sita nilinyoosha mkono wa kushoto kupokea mahamri, na mtu huyu huyu akayashikilia, bila hasira, mpaka nilipobadilisha mkono. Hakuna aliyenifundisha jambo hilo zaidi yake. Tangu Ramadhani kula anakula kwa kijiko, tena nikiwa nimetoka, na mimi nikasema ni haya ya mgonjwa tu. Nikahangaika na kitambaa cha kuzuia kuteleza. Nimejikasirikia leo kuliko nilivyomkasirikia yeye siku zote kumi.

Nilikihamishia kipanya kulia, nikauchukua mkono wake mgonjwa kutoka mapajani nikauweka juu yake. Vidole vinne vikalala pale, vimetulia. Kidole gumba kikaangukia ubavuni, juu ya kile kitufe cha kupigia risasi, kana kwamba kimepimwa.

Nikafungua orodha ya kazi iliyokuja na disketi. Nikaisoma polepole, maana Kiingereza chake ni cha mafundi, mpaka nikaikuta niliyoitaka. Ukibonyeza mara moja, karata inashikwa na inabaki imeshikwa, hata ukiachia. Ukibonyeza tena, inatuliwa. Nikakipa kitufe kile kazi hiyo.

"Jaribu, Baba. Bonyeza, sukuma kwa bega, bonyeza tena."

Akabonyeza. Karata ikashikwa. Bega likasogea, karata ikapita juu ya nyingine taratibu, haikuponyoka. Akabonyeza tena, ikakaa.

Akamgeukia ami Bakari.

"Bakari. Shika, beba, tua. Hii si kreni hii?"

"Ndiyo yenyewe," ami Bakari akasema, na kiti chake akakisogeza mbele.

Basi tena. Tangu hapo mimi si mtu. Chai nimeambiwa niiweke mbali nisije nikamwaga. Nimeambiwa nisisimame kwenye mwanga. Nilipotaja kadi za harusi nikaulizwa harusi yenyewe ni leo. Ami Bakari anaelekeza, Baba anamwambia alikuwa hivyo hivyo bandarini, anaelekeza asichokijua. Mchezo wa kwanza Baba akashindwa, wa pili akashindwa. Katika wa tatu karata zikaanza kurukaruka kioo kizima, ambayo ndiyo ishara kwamba mtu ameshinda.

Na Baba akapiga meza.

Aliipiga kama alivyokuwa akipiga dhumna ya mwisho barazani, mkono wote kutoka begani, pwaa! Kikombe kikaruka. Kipanya kikaanguka sakafuni, kifuniko cha tumboni kikafyatuka, kigololi kikabingiria chini ya kitanda.

Hakuna aliyekwenda kukifuata.

"Yakhe," akasema ami Bakari, taratibu. "Umepiga."

"Nimepiga nini?"

"Meza. Kwa huo."

Baba akautazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa bado juu ya meza, ulipoangukia. Hakuurudisha mapajani.

Nikasema, ngoja nikatafute kigololi. Nikaingia chini ya kitanda. Nilikiona mara moja, kilikuwa kando ya mguu wa kitanda, kimejaa vumbi. Nikakaa huko huko, uso kwenye sakafu ya baridi, nikalia kwa muda mrefu na kwa siri, nikijiziba mdomo kwa leso.

"Mwanakombo!"

"Abee, Baba."

"Hicho kigololi umekwenda kukinunua mjini?"

"Nakitafuta, Baba."

Nilikuwa nimekishika mkononi.

Kadi za harusi hazijachapwa hata moja na bibi harusi anazitaka Ijumaa. Kesho asubuhi nitakidai kiti changu, na nimekwisha kupanga maneno ya kumwambia. Ila akiniambia waya wa kiti ni mfupi, sijui kama nitakuwa na moyo wa kubishana naye.