Mlango wa Chumba cha Vifaranga

Jumatatu, 7 Aprili 2008

Vifaranga wamefika! Hamsini kutoka Kampala, katika kadibodi mbili zenye matundu, siku mbili juu ya mapaja ya abiria nisiyemjua. Watatu walikuwa wamekufa, wamelaliwa na wenzao. Nilitarajia mabaya zaidi.

Mke wangu aliwapokea mwenyewe. Akamchovya kila mmoja mdomo katika maji ya sukari, arobaini na saba, mmoja baada ya mwingine, bila kuketi. Sijamwona hivyo tangu tuhamie. Mwaka mzima hapa Kator, mtaa wa Juba, amekaa kama mgeni anayetafuta nafasi ya kuaga. Ana haki. Mimi nimerudi kwetu. Teopista amenifuata tu. Kwao ni Masindi. Kitale, tulikoishi miaka ishirini na sita, hakukuwa nyumbani kwa yeyote kati yetu, na labda ndiyo maana tulikaa vizuri.

Mapatano ni haya, nayaandika yasije yakabadilika: vifaranga wakikua hadi kutaga, anabaki Juba nami. Wakifa, anarudi kwa dada yake Masindi, wala sitamzuia. Aliyasema akiosha sufuria, kwa sauti ya kawaida kabisa. Nikakubali kwa sauti ya kawaida. Kisha nikaenda uani nikasimama bila kazi.

Alhamisi, 10 Aprili

Tetea sita tuliowakuta hapa wanalala juu ya mwarobaini. Juu ya mti, kama kunguru! Nilimuuliza jirani, Mama Lodu, kama hayo ni malezi. Akasema Juba kuku hulala mtini. Na mvua? Wananyeshewa. Halafu? Asubuhi wanakauka. Mama huyu alikaa mji huu vita vyote, hakutoka hata siku moja, na hujibu kila jambo hivyo, kana kwamba mimi ndiye mtoto.

Vifaranga wako katika chumba cha nyuma, kile cha matofali ya udongo. Mduara wa kadibodi, maranda ya mbao chini, jiko la makaa katikati. Ndivyo tulivyofanya Kitale.

Saa tisa alasiri upepo ulitoka upande wa mto bila taarifa yoyote. Ulibeba bati zima la choo cha Mama Lodu. Mwanawe Lodu, yule wa bodaboda, alikuwa ndani! Alitoka ameshika suruali, akalitazama bati likienda, akanicheka mimi nilivyoduwaa.

“Mzee, hii bado. Hii imekuja kusalimia tu.”

Kusalimia! Basi mvua zenyewe zikija itakuwaje?

Jumapili, 13 Aprili

Baada ya misa nilikikagua chumba cha vifaranga. Kati ya ukuta na paa kuna mwanya wa shubiri nzima, pande zote nne. Nani hujenga hivi? Mama Lodu akasema kwa Kiarabu chake kwamba mwanya ni wa joto kutokea, baba yake alijenga hivyo na babu yake pia. Nikamjibu kwamba kazi ya nyumba ni kuzuia, si kuruhusu. Akasema, “Sawa, Ustaz,” kama wanavyoita walimu hapa, akaendelea kuchambua mboga.

Nimefunga mwanya wote kwa turubai. Misumari, vipande vya mpira wa gurudumu ili turubai lisichanike, kisha udongo juu yake. Nimefanya kazi Jumapili; nalikiri. Lakini mlango ukifungwa huoni mwanga hata wa ncha ya sindano, ila uzi tu chini ya mlango. Vifaranga wameacha kusongamana, wametawanyika wanadonoa.

Teopista aliingia, akasimama, akasema pana joto kama tumboni mwa mama. Alitabasamu. Nimelala mchana usingizi mzuri.

Jumatano, 16 Aprili

Vifaranga wawili wamekufa. Si kuhara, si kukohoa. Wamelala tu ubavu, safi. Sielewi.

Komeo la ndani limekatika kwa upepo wa jana. Mlango ulikuwa unapigapiga na kuingiza vumbi. Fundi niliyemwita hajaonekana. Nimegongomea vishikio viwili kwa nje na kupitisha mti imara. Sasa hautikisiki.

Teopista analalamika kichwa kila atokapo kuwalisha. Nimemwambia ni joto la Aprili. Dada yake naye huumwa kichwa.

Jumanne, 22 Aprili

Sensa. Mji mzima umeambiwa ubaki nyumbani, na kweli barabara ni tupu, hata bodaboda hazipo. Karani wa sensa alikuja saa nne, msichana mstaarabu, Nyanut, aliyesomea Eldoret. Kiswahili chake kilinifurahisha. Aliuliza maswali kwa utaratibu. Alipofika kwa mke wangu, mahali pa kuzaliwa, muda aliokaa hapa, Teopista akamwambia:

“Andika leo niko. Ya kesho usiandike.”

Karani alicheka. Mama Lodu, aliyekuwa amekuja kungoja zamu yake, alicheka hadi akashika kiuno. Mimi sikucheka. Nilimwonyesha karani vifaranga. Akasema wamenawiri. Arobaini na wanne. Ndiyo, mwingine alikufa juzi.

Jumamosi, 26 Aprili

Naandikia hospitalini, nyuma ya karatasi ya dawa, nitanakili baadaye.

Tufani saa nane. Yuko hai.

Anapumua kwa mtungi wa hewa. Hajanijua.

Mimi ndiye niliyemweka mle ndani.

Jumapili, 27 Aprili

Niandike kwa mpangilio.

Wingu lilipanda kutoka mtoni jana saa saba na nusu, rangi ya chungu kilichoungua. Sijaona wingu la rangi hiyo. Kuku wote sita walikimbilia chini ya kitanda chetu. Nikamwambia Teopista aingie kwa vifaranga alishike jiko lisipinduke, maana upepo ukitikisa ukuta maranda yatashika moto. Aliingia. Nikafunga mlango, nikapitisha mti. Nikamwambia nitakuja kumfungulia upepo ukipita.

Kisha nikaenda kuokoa mabati ya jikoni. Mvua ya mawe ikaanza, mawe kama mayai ya njiwa! Nilipigwa kichwani mara mbili. Nikaingia kwa Mama Lodu. Nyumba yake ni ya nyasi, imechakaa, ilikuwa ikivuja mahali saba au nane, na watu wa humo wamekaa katikati ya masufuria wakitaniana nani atalowa kwanza. Nilipewa kigoda. Nikapewa chai. Nilikunywa chai! Nililitazama paa lile nikajisemea, kwa majivuno, mke wangu yuko pakavu.

Labda dakika arobaini. Mama Lodu aliuliza Mama Wani, ndivyo amwitavyo mke wangu, yuko wapi. Nikasema ndani, na vifaranga. Akauliza, na moto? Nikasema ndiyo, jiko linawaka, hana baridi.

Alitupa kikombe akatoka katika ile mvua ya mawe, mwanamke mnene wa miaka sitini, bila kitu kichwani. Lodu akamfuata. Nilifika wa tatu. Mti ulikuwa umekaza kwa unyevu; Lodu aliupiga teke mara nne. Mlango ulipofunguka Teopista aliangukia nje, kwani alikuwa ameuegemea. Uso wake mwekundu, mzuri, kama wa mtu mwenye afya. Hilo ndilo linalonitisha zaidi. Alionekana mzima.

Mama Lodu alimlaza kwenye tope, mvua ikimpiga usoni, akanikataza kumwingiza ndani. Nilipiga kelele kwamba atapata baridi. Alinisukuma kifuani. Kisha Lodu akampakia kwenye pikipiki, katikati yake na mama yake, wamemfunga kwa khanga asianguke, wakapita kwenye maji yaliyofika magotini. Mimi nilikwenda kwa miguu.

Leo saa tatu alifumbua macho akaniita Mwalimu, kama kawaida. Nikatoka nje ya wodi. Watu wakaniangalia.

Jumatatu, 28 Aprili

Daktari, kijana mmoja mpole kutoka Yei, amenieleza. Makaa yakiwaka mahali pasipo na mwanya hutoa hewa isiyoonekana, isiyonuka. Huingia katika damu. Mtu huumwa kichwa, hulegea, hulala. Akauliza kama kuna dalili zozote kabla. Nikamwambia kichwa. Vifaranga watatu, pia. Akaandika. Hakunilaumu. Angenilaumu ingekuwa afadhali.

Nimefundisha miaka thelathini. Nimewaambia watoto mia ngapi wasome alama zilizo mbele yao!

Nimebomoa turubai lote kwa mikono. Chumba kinapitisha upepo kama kapu. Waliobaki hai ni kumi na tisa, wote waliokuwa karibu na ufa wa chini ya mlango. Ishirini na watano nimewazika nyuma ya choo. Nilichimba kina kirefu kuliko inavyohitajika.

Jumanne, 29 Aprili

Ametolewa hospitalini. Hakuja nyumbani. Alishuka pikipiki kwa Mama Lodu, akaketi barazani pale, na hakuna aliyenieleza lolote. Ni hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu.

Jioni Lodu alikuja kuchukua blanketi la mke wangu. Alijikuna shingo, akatazama chini, akasema:

“Mzee, usikasirike. Huko kwa bomba la maji watu wanasema ulimfungia mama kwa nje asitoroke Uganda.”

Mimi! Nikamwambia waambie komeo la ndani lilikatika, waje waone, kipande hiki hapa. Nilimwonyesha hata misumari. Lodu akasema yeye anajua, mimi mtu mzuri, yeye anasema tu wanavyosema. Akachukua blanketi.

Nimekaa na kile kipande cha komeo mkononi saa nzima.

Jumatano, 30 Aprili

Nimekwenda kwa Mama Lodu. Nilivaa shati safi. Teopista alikuwa amekaa mkekani, shali mabegani, anatwanga karanga polepole. Mkono wa kushoto bado una ganzi. Mama Lodu aliinuka akasema anakwenda kutazama maji motoni. Moto ulikuwa haujawashwa.

Nikaomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu alfajiri na nikayasema yote, la jiko, la turubai, la kichwa. Alisikiliza. Alisema vifaranga hawakufa wote, kwa hiyo mapatano yapo, hayajavunjika, nisiwe na hofu upande huo. Nikashusha pumzi.

Kisha akanisimulia. Alipoona vifaranga wanalala ubavu alijua pana ubaya, hakujua ni ubaya gani. Alikwenda mlangoni akasukuma. Akasukuma kwa bega. Akaniita. Aliniita kwa jina langu la ubatizo, ambalo hajalitumia tangu tufunge ndoa. Mvua juu ya bati, hakusikia hata sauti yake mwenyewe.

Akaacha kutwanga.

“Ulipoweka ule mti, Mwalimu, ulikuwa unafunga upepo, au unanifunga mimi?”

Nikasema upepo. Nilisema upesi mno. Akashika tena mchi, nami nikaondoka.

Alhamisi, 1 Mei

Mvua ya asubuhi, ndogo. Imekatika.

Kuna jambo sikuliandika tarehe ishirini na sita, wala ishirini na saba, ingawa nilidai kuandika kwa mpangilio. Siku ile asubuhi dada yake alipiga simu. Teopista aliniambia anataka kwenda Masindi wiki mbili tu, amsalimie, arudi. Nikamuuliza nani arudi. Nikasema naijua safari ya wiki mbili. Alikwenda kuwalisha vifaranga. Hatukusemezana tena hadi wingu lilipopanda.

Na nilipopitisha ule mti niliukaza kwa jiwe. Mara mbili. Upepo ulikuwa bado haujafika.

Nimeyasoma haya mara tatu. Sina la kufuta. Nilikuwa na hasira, nikagonga, na kule kugonga kulinipa nafuu. Miaka sitini na minne sijawahi kujijua hivi. Mtu anaweza kulinda na kufunga kwa tendo moja, mkono mmoja, dakika ileile!

Saa tano nikarudi barazani. Mama Lodu alikuwepo, Lodu pia, akisafisha minyororo ya pikipiki. Sikuwaomba waondoke. Nikamwambia mke wangu mbele yao:

“Jana sikukujibu sawa. Nilifunga vyote viwili.”

Mama Lodu hajui Kiswahili cha kutosha. Alimtazama mwanawe amfasirie. Lodu hakumfasiria. Teopista aliinamisha kichwa kama mtu aliyepewa kitu kizito akitafuta pa kukiweka. Akasema, “Haya. Nimesikia.” Basi. Nikarudi kwangu.

Sasa ni saa saba. Lodu yuko mlangoni, hakuzima injini. Amesema ametumwa vitu viwili, nimpe haraka kabla mvua haijarudi: kibali cha kusafiria cha mama, kiko ndani ya Biblia, na ile dawa ya vifaranga ya kuchanganya kwenye maji, kwa sababu leo ndiyo siku yao ya dawa na anataka kuichanganya mwenyewe.

Nimeuliza, anakwenda au anabaki?

“Mimi sijui, Mzee. Amesema tu nilete vyote.”

Nimevitoa. Viko mezani hapa, kando ya daftari. Lodu anapiga honi