Mtangazaji wa Besiboli Aliyenaswa na Soka

Mpendwa Shangazi Wilhelmina,

Naomba msaada wako, na naomba unijibu katika safu yako ya gazetini kabla ya Jumamosi ya fainali, maana maji yamenifika shingoni na kuogelea sijui. Jina langu liandike lote, Merle Tjaden wa Weller Creek, Iowa, kwa sababu hata ukinificha, ukianza tu kueleza habari hii kaunti nzima itanijua, mimi ndiye sauti ya besiboli katika redio ya mji wetu tangu nilipokuwa na nywele, nimetangaza mechi za vijana wa sekondari, kisha nikatangaza za watoto wa hao vijana, na wapo wazee ambao jioni za kiangazi wasiponisikia chakula hakiwashuki.

Pembeni yangu katika kibanda cha kutangazia ameketi siku zote hizo mtu mmoja, Gaylen Voss, ambaye ujanani alikuwa mrushaji mpira wa kuogopwa na alikaribia kabisa kufika ligi kuu, na kazi yangu mimi ni kusema kimetokea nini na kazi yake ni kueleza kwa nini kimetokea, na baina yetu tunajua kunyamaza, maana besiboli, Shangazi, ni mchezo wenye pumzi, unamwacha msikilizaji asikie watu wakimenya karanga na mama mmoja kule nyuma akimwita mwanawe, halafu gongo linaupiga mpira, kwaa, na wote mnasimama.

Lakini nisikufiche, besiboli yetu imekonda. Ligi ya watoto iliyokuwa na timu kila mtaa imebaki na timu mbili zinazocheza zenyewe kwa zenyewe mpaka zimechokana, na kile kiwanja cha nyuma ya kanisa la Kilutheri nilikojifunza kudaka, sasa watoto wamesimika magoli mawili ya mabomba na majani yote yameisha kwa kukimbiliwa. Waliokuja kufanya kazi kiwanda cha nyama kutoka Meksiko na Guatemala na Somalia walikuja na mpira wao, hilo kweli, ila usidhani ni wao peke yao, wajukuu wa mchungaji wako huko, watoto wa wakulima wa mahindi wenye majina kama langu wako huko, na timu ya soka ya wavulana wa sekondari yetu, ambayo juzi juzi tu ilikuwa ikivaa jezi kuukuu za mpira wa kikapu, mwaka huu imeshinda, ikashinda, ikashinda tena, hadi imeingia fainali ya jimbo kule Des Moines.

Mwanzoni mwa msimu Bi. Rosalind Utech, mwenye redio, aliniita akaniambia, "Merle, watu wananipigia simu wanataka soka. Kaitangaze."

Nikamwambia, "Mama, soka mimi sijui hata inashikwa upande gani."

"Haishikwi, Merle. Anzia hapo."

Basi nikaenda, na mechi ya kwanza niliitangaza kama besiboli, nikasema, "Mpira anao Barrientos," kisha nikanyamaza kwa ufundi kama nilivyozoea, nikafungua chupa yangu ya kahawa, kuinua macho goli limeshaingia na vijana wamelaliana kwenye nyasi, na kesho yake mkahawani kila aliyeniona alinyamaza kwa ufundi halafu akapasuka kucheka. Nikaona haya, nikaenda mazoezini, nikamwomba kila kijana anitajie jina lake nami nikalirudia mpaka aliporidhika. Huyo Barrientos, winga wa kulia, Eliseo, ndiye aliyenisumbua kuliko wote.

"Mzee, hapo umenitaja kama dawa ya kikohozi."

"Haya, sema tena."

"Sikiliza basi. Ba-rri-en-tos. Usiikanyage ile r, itembeze."

Nikaitembeza, nikaitembeza nyumbani, nikaitembeza bafuni, na alipofunga goli lake dhidi ya mabingwa wa mwaka jana niliruka kitini nikapiga ukelele ambao mke wangu Nadine anaapa aliusikia jikoni kabla redio haijaufikisha.

Siku chache baadaye niko dukani upande wa nyama, mama mmoja akanishika mkono wa shati.

"Wewe ndiye Merle wa redio?"

"Ndiye mimi."

"Mimi ni mama yake Eliseo, naitwa Ofelia. Baba yake yuko zamu ya mchana kiwandani, mechi ya mwanawe hajawahi kuona hata moja. Juzi msimamizi akafungulia redio. Ukamtaja mtoto, jina lote, vilevile kama tunavyolitaja nyumbani, na wenzake wakaanza kugonga meza kwa mipini ya visu, ngo, ngo, ngo, mstari mzima. Mzee, sisi tumekaa hapa tangu yule mtoto hajazaliwa. Jina letu halijawahi kusikika mji mzima kwa jambo jema."

Nilibaki nimeshika pakiti ya soseji kifuani kama mtoto mchanga.

Sasa shida yenyewe ni hii. Fainali ni Jumamosi mchana Des Moines, na Jumamosi hiyohiyo jioni hapa nyumbani besiboli yetu inacheza na Plum Grove, watani wetu wa tangu babu zetu, mechi ambayo redio haijaikosa hata mara moja, na mitambo ya kutangazia nje tunayo seti moja tu, na kutoka huko mpaka huku ni safari ndefu ambayo hakuna namna nitaiwahi. Bi. Rosalind kaniambia, "Chagua mwenyewe, Merle, mimi sikulazimishi." Nikamfuata Gaylen kwake, nikamkuta anakata nyasi, nikamwambia kwamba Bi. Rosalind ameamua niende Des Moines, nikaliweka hivyo ili lisimuume sana.

Akazima mashine. "Ameamua yeye?"

"Ndiyo."

"Na wewe ukasema nini?"

"Ningesema nini, Gaylen?"

Akafuta jasho taratibu. "Ukimwacha mgonjwa kitandani kwa sababu mtaa wa pili kuna harusi, basi matangani usije ukalia kwa sauti."

"Gaylen bwana, ungekuja uone siku moja tu."

"Nione nini? Watu wanakimbia mchana kutwa, sifuri kwa sifuri, halafu wanakumbatiana. Wanapongezana kwa lipi?" Kisha akaniambia neno ambalo mpaka leo limenikaa kooni. "Kibandani siketi na mtu mwingine. Usipokuwapo wewe Jumamosi, na mimi sipo. Na besiboli ya mji huu ikifa, anayeuliza nani kaiua, nitamwonyesha nyumba yako."

Tangu siku ile haji mkahawani, tukipishana na magari barabarani anatazama dirisha la upande wa pili, na mimi nakuungamia wewe ambacho sijamwambia mtu isipokuwa Nadine, naye alishajua: soka nimeipenda, Shangazi, nimeipenda uzeeni kama mpumbavu, wale vijana nikiwaona wanatoka na zile jezi zenye jina la mji wetu kifua kinanivimba mpaka vifungo vinalalamika, halafu papo hapo naona haya kama niliyefumaniwa. Nikienda nampoteza rafiki wa maisha na pengine naizika besiboli kwa mkono wangu, nikibaki baba yake Eliseo atafungulia redio kiwandani na asisikie kitu. Nifanyeje?

Merle Tjaden

*

Merle,

Pole sana. Sasa nyoosha mgongo, maana pole imeisha.

Umeniandikia barua ndefu kama mechi ya besiboli isiyopata mshindi, na katikati yake umepitisha jambo moja haraka haraka ukidhani mimi nimesinzia. Bi. Rosalind alikwambia uchague. Ukachagua. Kisha ukaenda kwa rafiki yako ukajificha nyuma ya sketi ya mama wa watu, ukasema ameamua yeye. Aliposimama pale na mashine yake akakuuliza, "Na wewe ukasema nini?" alikuwa anakufungulia mlango, Merle. Ukaufunga. Mtu aliyekaa ubavuni pako miaka yote hiyo akikusikiliza kwa kazi, unafikiri hajui sauti yako ikidanganya? Kilichomuuma Gaylen si soka. Angeweza kuisamehe soka.

Na hilo la kuua besiboli, hebu lishushe begani, utapata kibiongo bure. Besiboli ilivuka vita na ukame na mvua za mawe kabla mimi na wewe hatujaota meno. Haitakata roho kwa sababu Merle Tjaden amesafiri Jumamosi. Imepungua, ndiyo, na watoto wamehamia kwenye magoli ya mabomba, na hilo linauma kwa aliyejifunzia kudaka pale. Lia kidogo, ni haki yako. Lakini kiwanja kile bado kimejaa watoto. Ulitaka kimee magugu kwa heshima yako?

Haya ya kupenda, usiniletee mimi aibu ya mtu mzima. Hakuna sheria Iowa inayomkataza mwanamume kupenda michezo miwili. Wake ndio hatukubali wawili. Mji wenu una vijana waliotoka kwenye jezi kuukuu wakafika fainali, na umepata mzee aliyekubali kurudi darasani kujifunza majina yao. Jivune! Jivune kwa sauti, ndiyo kazi uliyoajiriwa.

Basi fanya hivi. Gazeti likikufikia, hata kahawa usimalize, nenda kwa Gaylen, na mwambie kwa mdomo wako kwamba ni wewe unayetaka kwenda. Usimtaje mwenye redio. Usieleze sana. Akikufokea, fokewa. Kisha mwachie kipaza sauti. Mtu aliyeeleza "kwa nini" maisha yake yote atashindwaje kusema "nini"? Mechi ya Plum Grove inaweza kunaswa kwa kinasa sauti, hata wajukuu zangu wanavyo mfukoni, na ikarushwa Jumapili watu wakitoka kanisani, wakati sahani ziko mezani na redio haina mshindani. Mwombe Bi. Rosalind leo, si Ijumaa. Halafu panda gari uende Des Moines, na usithubutu kutangaza kwa unyonge.

Na wewe Gaylen Voss, najua unasoma. Kumnunia Merle ni haki yako. Kuwanunia vijana wa mji wako siku ya fainali, hiyo hapana. Jirekebishe.

Wilhelmina

*

Kwa Shangazi Wilhelmina,

Sijawahi kuandikia gazeti na sina nia ya kuzoea. Lakini ulinitaja kwa jina mbele za watu, kwa hiyo nina haki ya kujibu.

Merle alikuja asubuhi gazeti likiwa kwapani. Akasema, "Gaylen, nilikudanganya. Ni mimi ninayetaka kwenda."

Nikamwambia, "Najua. Ukidanganya sauti inakupanda kama mvulana anayebalehe."

Akaniuliza kama nimekasirika. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nitatangaza mechi ya Plum Grove. Nikasema hebu kwanza ingia ule, mke wangu Doreen ameoka pai ya rubabu, yale mashina machachu ya bustanini. Hivyo ndivyo tulivyomaliza, hakuna aliyelia, kama Merle anasema vingine anatia chumvi.

Jumamosi nilifika uwanjani mapema kujaribu kinasa sauti. Nikawakuta vijana wetu wa besiboli hawapashi misuli. Wamejazana kwenye benchi, picha ya fainali wanaitazama kwenye simu, na sauti ya Merle inatoka kwenye redio ya pikapu ya kocha. Nikataka kuwafukuza. Mmoja akanisogezea nafasi, akasema, "Kaa, kocha ameturuhusu, wale ni wenzetu." Nikakaa. Walinieleza kuotea ni nini kwa kupanga makopo ya soda juu ya benchi.

Tulifungwa mawili kwa moja. La kwetu alilifunga yule Barrientos kwa kichwa, na nasema ukweli, kwa namna Merle alivyolitaja lile jina, mrushaji wetu alitupa glovu hewani ikatua juu ya paa na mpaka sasa iko huko. Kisha jioni tukawachapa Plum Grove. Nilitangaza peke yangu. Mwanzoni nilisema sana. Kufika katikati nikakumbuka kunyamaza. Jumapili, mechi ilipokwisha kurushwa, watu walinisimamisha barabarani wakanipongeza.

Timu ya soka ilirudi usiku wa Jumamosi hiyo, mechi yetu ikiwa imeshakwisha, na desturi yetu ni timu ikitoka fainali gari la zimamoto linaipokea nje ya mji na kuiingiza kwa king'ora. Wapo waliosema hiyo ni kwa washindi tu. Mimi ni wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea na siku hiyo funguo zilikuwa kwangu, kwa hiyo majadiliano hayakuwa marefu. Nilimpandisha baba yake Barrientos kiti cha mbele, akiwa bado na buti za kiwandani, nikamwonyesha kamba ya honi. Akaivuta kutoka kwenye maghala ya mahindi mpaka mlango wa shule, hakuiachia. Barabara ilikuwa imejaa pande zote mbili. Sijaona mji huu ukisimama hivyo kwa timu yoyote, na mimi nilikuwa kwenye baadhi ya hizo timu.

Sasa naomba na mimi unishauri. Goli lao la pili, Merle alilitangaza kama goli halali. Mimi nililiona kwenye simu. Mfungaji alikuwa mbele ya beki wetu wa mwisho mpira ulipopigwa, mbele kabisa, mguu na bega. Nimemweleza Merle kwa makopo, nimemweleza kwa vikombe vya mkahawa, anasema refa hakukosea. Wewe una akili, Shangazi. Ameotea au hajaotea?

Gaylen Voss