Jaketi ya Njano Kwenye Fensi

Ni kweli, ndugu yangu Chrispine. Ile ndege niliishusha mimi, na ilitua kwa magurudumu yote matatu, si kwa tumbo kama hao watu wa huko Mahoo wanavyokudanganya. Branice aliniletea swali lako jana akirudi kutoka Taveta na ndizi zake za kuuza. Nilicheka, halafu nikakumbuka si mambo ya kucheka.

Lakini wacha kwanza nikusalimie kama mtu aliyelelewa. U hali gani huko? Kifua kimeacha kukubana? Huku Mama ni mzima, anakula, na juzi alimrushia jogoo wa jirani sufuria, akampata. Kila asubuhi ananiuliza ni ndizi gani hizo zilikuita Taveta mpaka ukatoka bila kuaga mke wala mama. Namwambia ndizi za huko ni tamu sana. Hii barua soma mwenyewe, pole pole. Najua wewe na kusoma mliachana darasa la nne, lakini usimpe mtu akusomee, hata Branice.

Sasa vumilia, naanza mbali.

Unakumbuka kule shamba la mkonge, ile ndege ya tajiri ilipopita chini na mimi nikatupa mafungu nikaikimbiza, nikaangukia miiba? Nilikuwa na miaka kumi. Nyapara alikuja na kamba mbichi akiuliza ni nani ameacha kazi, wewe ukasema ni wewe. Alikuchapa hadi shati likashikana na mgongo. Mimi nilisimama hapo na miiba kwa magoti, mdomo umefungwa kama gunia. Baadaye ulinitania ati siku nikiendesha hiyo takataka nikubebe bure.

Basi miaka ikapita, nikauza maji kwa madereva wa lori hapo Voi, nikauza chaja, nikauza miwani ya jua isiyozuia jua. Nikiwa na thelathini na saba ndipo nikapata kibarua cha kusukuma mapipa ya mafuta kwa uwanja wa ndege wa ranchi. Kapteni Thadeus, yule mzee wa Mghange anayerusha ndege ya kufukuza ndovu mashambani, alinikuta nimeketi ndani ya ndege yake nikifanya mlio wa injini kwa mdomo. Badala ya kunifukuza akaniambia mlio huo ni wa trekta. Mbuvi, fundi wake, akasema ndege haitaki mtu aliyesomea kwa gunia la mkonge. Nilimpiga spana ya bega, yeye akaning'oa jino, hili la mbele ambalo sasa napigia mbinja. Kapteni alitumwagia ndoo ya maji kama mbwa. Akaniambia nikitaka kupigana, nipigane na hesabu.

Nikapigana nayo, brathe. Nilirudi gumbaru, shule ya watu wazima, nikakaa mtihani wa fom four na watoto waliokuwa wakiniita mwalimu mpaka waliponiona nikiangalia karatasi ya jirani. Kapteni ana cheti cha kufundisha, akanifundisha, nikapata leseni ndogo, ile ya kurusha bila kulipwa. Ya kazi inataka saa mia mbili hewani. Kapteni macho yanaanza kumchoka, na aliongea na wenye ranchi: nikifikisha saa hizo na kupita mitihani, kiti chake ni changu. Mimi, rubani, na miaka arobaini na mbili! Lakini saa moja ya hewa ilikuwa inakula mshahara wangu wa mwezi mzima.

Ndipo nikakubali yale maneno yako na rafiki yako Nzioka, unayajua kuliko mimi. Mbuvi akifungua injini, ndege hairuki siku hiyo, hakuna wa kuwaona kutoka juu, basi mimi natundika jaketi yangu ya njano kwa fensi ya upande wa barabara. Nzioka anapita na pikipiki, anaiona, anakuja kukuambia. Nyinyi mnaingia ranchi mnaangusha twiga, mimi napata paja, nauza mjini kama nyama ya ng'ombe, na saa zangu zinasonga. Nilijiambia twiga hana mtu wa kumlilia kanisani.

Sasa ile Jumatano. Asubuhi Mbuvi alifungua injini, nikatundika jaketi. Nzioka akapita, akapiga honi mbili, tukaelewana. Ilipofika saa nane mchana Mbuvi akaifunga, ati ilikuwa plagi tu. Kapteni akaja anacheka. Akasema majibu ya mtihani wangu wa hali ya hewa yametoka, nimepita, na zawadi yake ni saa moja ya hewa, mafuta kutoka mfukoni mwake. Akanisukuma kiti cha kushoto, kile cha rubani.

Tulikuwa hewani kama dakika thelathini, mimi ndiye nimeshika usukani, upande wa kule vilima vinaelekea Salaita. Kapteni akaona tai wanazunguka. Akashika usukani wake, akaishusha ndege aone ni nini. Twiga alikuwa chini, nusu amechunwa, miguu bado inapiga. Watu wawili wakakimbia. Wa tatu hakukimbia, alipiga goti.

Risasi ikatoboa sakafu, ikaingia paja la Kapteni. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mlango wa choo ukifungwa. Damu ndiyo iliyokuwa na kelele. Ilirukia kioo, ilinijaa kwa macho na kwa hili pengo la jino, nikaionja. Kapteni aliita mama yake kwa Kidawida, akalalia usukani, na ndege ikaelekeza pua kwa wale tai. Nilimvuta kwa kola kwa mkono mmoja, nikamgonga kiwiko cha uso ili arudi nyuma, pua yake ikavunjika, Mungu anisamehe. Nikaiinua ndege, nikafunga mguu wake kwa mshipi wangu, nikivuta kwa meno. Nilirudi uwanjani na suruali ikiteremka, nikiimba pambio kwa redio bila kujua nimebonyeza. Mbuvi alisikia yote. Nilipotua alifungua mlango, akaona, akatapika kwa viatu vyangu, halafu akanikumbatia.

Kapteni yuko hai. Mguu umekatwa juu ya goti. Nilienda hospitali kumwona, akaniitisha kitabu changu cha kuandika saa. Aliandika hiyo safari, akatia sahihi, akaniambia saa zikitimia kazi ni yangu, hata kama ni kwa kuniteremsha cheo kutoka kuvunja pua za wazee. Polisi waliniuliza kama nilimwona aliyepiga. Nikasema macho yalikuwa na damu.

Kesho ya ile Jumatano walimshika Nzioka karibu na reli, na nyama ya twiga kwa pikipiki, si polisi, ni watu. Shamba zao Kapteni ndiye huziokoa kwa ndovu, kwa hivyo usiulize. Walimpiga mawe, wakampiga na mpini wa jembe, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimkanyaga vidole kimoja kimoja. Mtu alikuja akibingirisha tairi la kumchomea. Nzioka aliniona kwa umati, akaniita jina, Nashon, Nashon, waambie. Watu wakafikiri ananitishia, wakazidi. Mimi nilisimama hapo na mdomo umefungwa kama gunia. Polisi ndio walimnyakua, sasa amefungwa pingu kwa kitanda, jicho moja limeenda, na Ijumaa anasomewa mashtaka ya kumpiga Kapteni risasi.

Sasa, Chrispine, fika hapa uketi.

Tulipopaa ile Jumatano, tulizunguka juu ya uwanja, nikaangalia chini, nikaona jaketi yangu kwa fensi. Njano, inapeperuka. Nikajua mko ndani ya ranchi. Ningesema tumbo linaniuma, tungetua. Ningesema chochote, uongo najua kama sala. Lakini nilikuwa nimeshika usukani, na Kapteni alikuwa anasema naendesha vizuri, na nilitaka ile saa moja. Ndiyo sababu ya mguu wake. Sikukuuza, brathe, kama unalala ukifikiri nilikuuza. Nilikaa kimya tu, vile ninavyojua.

Na yule aliyepiga goti nilimwona. Aliweka bunduki bega la kushoto. Katika watu wote ninaowajua, ni mmoja tu anafanya hivyo, na ni kwa sababu mashine ya mkonge ilimla vidole vitatu vya mkono wa kulia. Hukujua niko ndani ya ndege. Ungejua, najua usingepiga. Lakini ulipiga, na Nzioka anachapwa kwa jina lako, na wewe mgongo wako unajua kuchapwa kwa jina la mtu kukoje.

Mama anakusalimu, anasema uvae nguo nzito. Branice anakusalimu na hajui kitu. Salimia na huyo mwenye shamba la ndizi aliyekuficha.

Basi, dili ni hii. Alhamisi saa mbili asubuhi niko kwa lango la polisi hapa Voi, na kitabu changu cha saa kwa mkono mmoja, jaketi kwa mwingine. Wewe kuja na bunduki, ifunge kwa gunia usije ukapigwa njiani. Tunaingia pamoja, na mimi ndiye naongea kwanza, kwa sababu mara ya kwanza uliongea wewe. Hicho kiti cha Kapteni nakiacha, wampe mtu mwingine. Nitakungoja mpaka saa tatu. Ikipita, naingia peke yangu na kusema yangu na yako, na nitalia nikisema yako, lakini nitasema. Ukikubali, usiandike barua. Mpe Branice ndizi moja mbichi aniletee.

Ni mimi ndugu yako mdogo, wa miiba kwa magoti,
Nashon